Leonardo wa Pisa na Uwiano wa Dhahabu

Mtoto wa Shumba, katika kisiwa cha Pemba, anapofundishwa kuandika kumi kwa tarakimu, huambiwa kwamba alama ile ya mviringo inaitwa sifuri. Neno hili tumelipata kwa Waarabu, ambao husema sifr, maana yake kitu kitupu. Wazungu nao walilipata huko huko. Mtu aliyeliandika katika kitabu cha Kilatini, akaligeuza kidogo likawa zephirum, na kutokana na hilo Waitalia wakafanya zero, ndiye huyu ambaye tunakusudia kueleza maisha yake. Naye ni Leonardo wa Pisa, anayejulikana zaidi siku hizi kwa jina la Fibonacci.

Jina la Leonardo hutajwa sana pamoja na jambo liitwalo uwiano wa dhahabu. Watu husema kwamba uwiano huo ni siri iliyofichwa katika maua, katika kombe za pwani, katika majengo ya kale, na hata katika mahali ulipo mji mtakatifu wa Makka. Baadhi ya hayo ni kweli na mengine ni chumvi iliyotiwa na wasimuliaji. Basi yafaa mambo mawili haya, maisha ya mtu na hesabu inayonasibishwa naye, yaelezwe kwa pamoja, ili msomaji apate kuyapima mwenyewe.

Leonardo alizaliwa yapata mwaka 1170 katika Pisa, mji wa Italia uliokuwa ukijitawala na wenye merikebu nyingi. Baba yake, Guglielmo, alikuwa mtumishi wa serikali ya mji huo, naye aliwekwa katika forodha ya Bugia ili kuangalia mambo ya wafanyabiashara wa Pisa waliokaa huko. Bugia, ambao leo unaitwa Bejaia, ni bandari ya Algeria. Wakati ule ulikuwa chini ya dola ya Kiislamu ya Al-Muwahhidun, na ulisifika kwa biashara ya ngozi na nta. Nta yake ilienea sana Ulaya hata Wafaransa wakauita mshumaa bougie, yaani kwa jina la mji huo, na ndivyo wauitavyo mpaka leo.

Guglielmo alimwita mwanawe Bugia angali kijana, akamtia kwa walimu asome hesabu kwa muda. Hapo ndipo Leonardo alipoziona kwa mara ya kwanza tarakimu tisa za Kihindi na ile alama ya sifuri, jinsi Waislamu walivyozitumia. Ili kufahamu mshangao wake, msomaji na ajaribu kuzidisha XXXVIII kwa XLIV bila kuzigeuza kwanza kuwa 38 na 44. Wazungu wa zama zile waliandika hesabu zao kwa herufi hizo za Kirumi, na walipotaka kujumlisha au kuzidisha iliwabidi waziache herufi, washike vijiwe na kuvipanga juu ya ubao. Lakini kwa tarakimu za Kihindi mtu aliandika na kuhesabu mahali pamoja, na kosa likitokea aliweza kurudi nyuma na kulitafuta.

Wala msomaji wa Pemba asidhani kwamba dunia hiyo ilikuwa mbali naye. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, upande wa magharibi wa kisiwa, zilifukuliwa sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za dhahabu, na miongoni mwake zimo dinari za Wafatimi, watawala wa Misri na wa sehemu za Afrika ya Kaskazini. Sarafu hizo ni za karne moja hivi kabla ya Leonardo. Bahari ile aliyoivuka yeye kwenda Bugia na bahari hii inayopiga Shumba ziliunganishwa na masoko yale yale ya Misri, na mtu wa Pemba alikuwa amekwisha kushika dhahabu ya Misri kabla Leonardo hajazaliwa.

Alipokuwa mtu mzima Leonardo alisafiri kwa shughuli za biashara akafika Misri, Shamu, nchi za Wayunani, Sisilia na Provence. Kila alikofika aliwatafuta wajuao hesabu, akajadiliana nao na kujifunza. Tukumbuke ilikuwa miaka gani. Mwaka 1187 Sultani Salah-ud-Din aliutwaa mji wa Yerusalemu, na kuanzia 1189 mpaka 1192 majeshi ya Ulaya yalipigana naye kwa kutaka kuurudisha. Na merikebu za Pisa zilikuwamo katika vita hivyo. Watu wa mji wake walikuwa wakipigana na Waislamu, na yeye alikuwa ametoka kusoma kwao. Jambo hilo lingeweza kumfanya anyamaze na kuificha asili ya elimu yake, kama walivyofanya wengine wengi. Hakufanya hivyo.

Alirejea Pisa mnamo mwaka 1200, na mwaka 1202 akatoa kitabu chake kikubwa, Liber Abaci, yaani Kitabu cha Hesabu. Katika utangulizi alieleza waziwazi kwamba alifundishwa Bugia, na kwamba njia ile ya Wahindi aliiona bora kuliko nyingine zote alizokutana nazo safarini. Tena alipozipanga tarakimu tisa mwanzoni mwa kitabu, alianza na 9 akamalizia na 1 upande wa kulia, kama azisomavyo mtu aliyezoea kuandika kuanzia kulia kwenda kushoto. Mkono wake ulikuwa umekwisha kuzoea mwandiko wa walimu wake.

Kitabu hicho ni cha wafanyabiashara zaidi kuliko cha wanazuoni. Kimejaa bei za bidhaa, ubadilishaji wa fedha, mizani na vipimo vya miji mbalimbali, na namna ya kugawana faida kwa washirika. Katikati ya maswali hayo Leonardo alitia fumbo moja dogo la sungura, na fumbo hilo ndilo lililolihifadhi jina lake, ijapokuwa yeye mwenyewe hakulipa uzito wowote wa pekee. Mtu ana jozi moja ya sungura ndani ya ua. Kila jozi huzaa jozi nyingine kila mwezi, na wanaozaliwa huanza kuzaa katika mwezi wa pili. Je, baada ya mwaka mmoja zitakuwa jozi ngapi? Hesabu huenda hivi: 1, 2, 3, 5, 8, 13, 21, 34, 55, 89, 144, 233, na mwisho wa mwaka ni 377. Kila namba hupatikana kwa kujumlisha mbili zilizoitangulia. Nane na kumi na tatu hufanya ishirini na moja. Kumi na tatu na ishirini na moja hufanya thelathini na nne.

Insafu yatutaka tuseme kwamba namba hizi hazikuanza na Leonardo. Wataalamu wa mashairi wa Bara Hindi walizijua kabla yake. Shairi lao hupimwa kwa mizani kama letu, lakini mizani zao ni za aina mbili, fupi yenye kipimo kimoja na ndefu yenye vipimo viwili. Walipouliza mstari wa vipimo vitatu, vinne au vitano waweza kupangwa kwa njia ngapi, walipata 3, 5 na 8. Hemachandra, mwanachuoni wa Gujarat, aliieleza kanuni hiyo yapata mwaka 1150, kabla Leonardo hajazaliwa.

Sasa tuje kwenye uwiano wenyewe, nao si mgumu kama watu wanavyodhani. Twaa kamba na uikate vipande viwili visivyo sawa. Waweza kuikata popote. Lakini pana mahali pamoja tu ambapo kamba nzima ikilinganishwa na kipande kikubwa, ni sawasawa na kipande kikubwa kikilinganishwa na kile kidogo. Mkato huo ndio huitwa wa dhahabu. Kamba ya shibiri 13 ukiikata 8 na 5, utakuwa umekaribia sana: 13 kwa 8 ni 1.625, na 8 kwa 5 ni 1.6. Ukichukua 34 na kuikata 21 na 13, unakaribia zaidi. Uwiano kamili ni 1.618 na tarakimu nyingine zinazoendelea bila mwisho. Una tabia moja ya ajabu: ukiuzidisha kwa wenyewe unapata 2.618, na ukigawanya 1 kwa uwiano huo unapata 0.618. Sehemu iliyo nyuma ya nukta haibadiliki. Mgiriki Euclid aliufasili mkato huu katika kitabu chake cha jometri miaka 300 hivi kabla ya Nabii Isa, na hakuuita wa dhahabu. Jina hilo ni la karne ya 19, lilitumiwa na Wajerumani.

Mtu wa Shumba Mjini au Shumba Vyamboni hana haja ya kununua chombo chochote ili auone uwiano huu. Wanawake wa Pemba ni mafundi wa mikeka. Basi na atwae chane moja ya ukindu mbichi yenye upana ulio sawa, aipige fundo moja la kawaida, alikaze taratibu na kulilaza bapa, kisha akate ncha mbili zinazojitokeza. Atabaki na umbo la pembe tano, pande zake zote zikiwa sawa. Asiye na ukindu na atumie karatasi. Ukanda wa karatasi wenye upana wa sentimita 4 hutoa upande wa kama sentimita 4.2. Sasa na apime kutoka pembe moja mpaka pembe isiyopakana nayo: atakuta kama sentimita 6.8. Gawanya 6.8 kwa 4.2, utaipata ile 1.62. Akichora mistari yote mitano ya namna hiyo atapata nyota, na kila mistari miwili inapokatana hukatana kwa uwiano huo huo. Na katikati ya nyota hubaki umbo jingine dogo la pembe tano, tayari kuchorwa nyota nyingine.

Mtu aliyezifanyia kazi sana hesabu za umbo hilo alikuwa Mwislamu wa Misri, Abu Kamil Shuja bin Aslam, aliyeishi kati ya karne ya 9 na ya 10. Euclid alikuwa amelichora kwa rula na bikari. Abu Kamil alilitia katika aljebra, akaandika risala juu ya umbo la pembe tano na la pembe kumi, akaonyesha jinsi ya kupata urefu wa pande zake kwa namba. Kitabu cha Leonardo cha mwaka 1220, kiitwacho Practica Geometriae, kimechukua mengi kutoka kwa Abu Kamil, na hata maswali ya aljebra katika Liber Abaci yana alama ya mkono wa mwalimu huyo Mmisri. Hivyo Leonardo aliujua uwiano wa dhahabu vizuri katika jometri, na alizijua namba za sungura. Lakini katika vitabu vyake tulivyo navyo hakuonyesha popote kwamba mambo mawili haya yana undugu. Aliyelieleza jambo hilo akasikika na wengi ni mwanafalaki wa Kijerumani, Johannes Kepler, katika mwaka 1611: ukigawanya kila namba kwa ile iliyoitangulia, jibu huukaribia uwiano wa dhahabu, mara likizidi kidogo, mara likipungua kidogo.

Tena siri haimo katika sungura. Imo katika kule kujumlisha. Anza na namba mbili zozote, tuseme 3 na 10, uendelee kujumlisha: 13, 23, 36, 59, 95, 154, 249, 403. Gawanya 403 kwa 249. Jibu ni 1.618. Kila hatua ile kubwa na ile ndogo zinaungana kufanya nzima mpya, kama vile vipande viwili vya kamba yetu vilivyofanya kamba, na ndiyo maana hesabu hii haina pengine pa kutulia ila kwenye mkato ule.

Je, katika maumbile uwiano huu umo? Umo, lakini si kila mahali. Twaa nanasi ulihesabu macho yake. Yamepangwa kwa misitari inayozunguka kwa mshazari, mmoja ukipandia kulia na mwingine kushoto. Na mara nyingi utahesabu 8 upande mmoja na 13 upande wa pili, na misitari iliyosimama zaidi huwa 21. Sababu yake imechunguzwa na wataalamu wa mimea. Kila jicho jipya huchipua penye nafasi kubwa zaidi iliyoachwa na yaliyotangulia, na katika mimea ya namna hii hilo huangukia kwenye pembe ya nyuzi 137.5 hivi kutoka kwa lililopita, pembe ambayo ni mkato wa dhahabu wa duara zima. Nyuki nao wana hesabu yao. Nyuki dume hutokana na yai lisilorutubishwa, kwa hiyo ana mama bila ya baba. Mama yake ana wazazi wawili. Ukihesabu wazee wake kizazi baada ya kizazi unapata 1, 2, 3, 5, 8. Na kiti cha pweza aonekanaye pwani maji yakitoka ana mikono mitano, na umbo lake linakaribia lile la fundo la ukindu, ijapokuwa kiumbe hai hakatwi kwa rula.

Lakini mkarafuu, mti ulioipa Pemba jina duniani, haufuati hesabu hii. Majani yake hutoka mawili mawili yakielekeana, na kichwa cha karafuu kina meno manne. Muumba ameupa mti huo kipimo kingine. Hali kadhalika ile kombe ya nautilasi ambayo hupigwa picha katika vitabu vingi kuwa mfano wa uwiano wa dhahabu: walioipima wamekuta mzunguko wake ni mwingine.

Hapa hatuna budi kusema habari ya Makka, kwa sababu wengi wanaoitafuta dini hupewa hoja hii kama ushahidi. Husemwa kwamba umbali wa kutoka Makka mpaka ncha ya kusini ya dunia, ukigawanywa kwa umbali wa kutoka Makka mpaka ncha ya kaskazini, hutoa uwiano wa dhahabu kamili. Tuipime. Makka iko nyuzi 21.4 kaskazini ya ikweta. Kwa hiyo kusini pana nyuzi 111.4 na kaskazini nyuzi 68.6, na jibu lake ni 1.624. Hapo ni karibu tu, sipo penyewe. Tena kila mji ulio juu ya mstari huo, kuizunguka dunia nzima, una jibu hilo hilo. Na Honolulu, mji wa Marekani katika bahari ya Pasifiki, ulio nyuzi 21.3, uko karibu zaidi na uwiano wa dhahabu kuliko Makka. Heshima ya Makka haikutokana na rula. Mtafutaji aliyepewa hoja kama hiyo, kisha siku moja akashika kalamu na kuihesabu, atawatilia shaka waliompa, na huenda akayatilia shaka hata yale ya kweli waliyomwambia. Tumeona ni wajibu kulisema hilo katika kurasa hizi, maana hoja yenyewe huletwa kwa nia njema.

Turudi kwa Leonardo. Sifa zake zilifika kwa Mfalme Mkuu Frederick wa Pili, aliyelelewa Sisilia, aliyejua Kiarabu na kuwaweka wanazuoni karibu naye. Mnamo mwaka 1225 mfalme huyo alikuwa Pisa, na Leonardo akaletwa mbele yake. Mmoja wa wataalamu wa mfalme, Johannes wa Palermo, akamtolea maswali ya kumjaribu. Moja lilitaka namba ambayo ukijumlisha mchemraba wake, mara mbili ya mraba wake na mara kumi yake mwenyewe, upate 20. Swali hili limo katika aljebra ya Omar Khayyam, aliyelitatua kwa michoro. Leonardo alithibitisha kwanza kwamba jibu haliwezi kuwa namba kamili wala sehemu ya kawaida, kisha akatoa jibu la makadirio kwa hesabu ya sitini, kama walivyofanya wanafalaki. Kwa tarakimu zetu ni 1.3688081, na jibu lake ni sahihi hata kufikia tarakimu ya tisa nyuma ya nukta. Namna alivyolipata hakuieleza. Mwaka huo huo aliandika Liber Quadratorum, kitabu cha namba za mraba, ambacho wajuzi wengi hukihesabu kuwa bora ya kazi zake kwa upande wa elimu halisi, wala hakina sungura ndani yake. Mwaka 1228 alikitoa upya Kitabu cha Hesabu, akamtunukia Michael Scot, Mskochi wa baraza la Frederick aliyefasiri vitabu vya Kiarabu kwa Kilatini.

Tarakimu alizozileta hazikupokewa na wote kwa furaha. Mwaka 1299, baada ya yeye kufariki, chama cha wabadilisha fedha wa Florence kiliwakataza wanachama wake kuandika hesabu za vitabu vyao kwa tarakimu hizo. Kila kiasi kiandikwe kwa herufi. Waliogopa udanganyifu, kwa kuwa sifuri huweza kugeuzwa 6 au 9 kwa mkwaruzo mmoja wa kalamu.

Habari ya mwisho ya Leonardo imo katika amri ya serikali ya Pisa ya mwaka 1240. Mji ulimwekea malipo ya paundi 20 za Pisa kila mwaka, pamoja na posho za kawaida, kwa ajili ya kuwafundisha raia na kuangalia hesabu za serikali. Baada ya hapo hatajwi tena. Jina la Fibonacci, linalofasiriwa kuwa mwana wa Bonacci, lilienezwa na mwanahistoria Guillaume Libri katika mwaka 1838; na zile namba za sungura zilipewa jina hilo na Mfaransa Édouard Lucas katika miaka ya 1870. Katika amri ile ya Pisa ameitwa bwana Leonardo Bigollo, neno ambalo wengine hulifasiri kuwa msafiri.